Nilimnyima Maji Karani wa Baba Mkwe

Mimi ndiye mkosaji, na niseme hivyo mapema kabla sijabadili nia. Paka wa baba mkwe wangu hakufa kwa uzee, wala kwa ugonjwa peke yake. Nilimuua mimi, kwa mikono hii hii inayoshika kalamu, na siku hiyo hiyo nikadanganya.

Najua mtacheka. Ati mama mzima wa watoto wanne anaandika gazetini kumlilia paka! Chekeni tu. Zamani hata mimi ningecheka, maana nilikuwa na mdomo, na kicheko changu kilisikika mpaka ng'ambo ya kijito. Lakini mkimaliza kucheka nisikilizeni, kwa sababu hapa kwetu Sirisia sina mtu wa kumwambia.

Baba mkwe wangu alifanya kazi Kitale miaka mingi, akimsaidia daktari wa mifugo, Mzungu mmoja. Walizunguka mashamba mpaka Endebess wakidunga ng'ombe sindano. Paka huyo alizaliwa ofisini kwao, na kwa vile alipenda kulala juu ya makaratasi wakamwita Karani. Vita vya Hitla vilipokwisha Mzungu akarudi kwao, na mzee naye akarudi nyumbani. Alishuka kwenye lori na sanduku moja la bati na kikapu kimoja. Watu wakadhani kikapuni mna sukari. Kumbe ni paka mzee, sikio moja limekatika!

Mwaka wa pili mama mkwe akafariki. Mume wangu alikuwa Kitale kwenye kinu cha unga, anakuja mwisho wa mwezi. Bomani kwetu tukabaki mzee, mimi, binti yangu wa kwanza ambaye alikuwa ananyonya, na Karani.

Sasa nieleze heshima yetu, kwa wale wasioijua. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Mimi siingii nyumba anayolala, yeye haingii jikoni kwangu. Na maneno hayaendi moja kwa moja, hupitia kwa mtu wa tatu. Mama mkwe alipokuwepo ndiye aliyetupitishia. Alipokwenda, nani apitishe? Mtoto hata kusema mama hajui.

Ndipo mzee akaanza kusema na paka. Siku moja nilikuwa uani napepeta wimbi, yeye amekaa barazani amenipa mgongo, nikamsikia anasema, "Karani, mwambie mama mtoto uji wa leo ulikuwa mzuri." Nikajiziba mdomo nisicheke. Kesho yake nikajaribu na mimi: Karani, mwambie baba maji ya kuoga yako tayari. Mzee akakohoa, akainuka, akaenda kuoga.

Basi ikawa ndiyo njia yetu. Karibu miaka miwili tulizungumza hivyo. Habari za mahindi, barua za mume wangu, mambo ya kanisa, yote yalipita kwa Karani, naye amelala tu katikati yetu anajilamba miguu. Binti yangu alipougua surua, mzee alishinda barazani kutwa akimtuma kwangu: mwambie asiogope, mwambie amfunike, mwambie wengi hupona. Mimi baba yangu alikufa kabla sijapata akili. Nasema kweli, yule mzee, kwa kupitia yule paka, ndiye baba pekee niliyempata duniani.

Halafu Karani akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari, na kukojoa vivyo hivyo. Mdomo wake ukanuka. Mzee akamchukua mapajani, akaivuta ngozi ya shingo juu na kuiachia, nayo ikarudi polepole. Alikuwa ameona hayo kwa wanyama wengi. Akaniambia, kwa njia ile yetu, kwamba ni figo, zimechoka, haziwezi tena kushika maji, yanapita tu. Dawa hakuna. Ila akipata maji wakati wote, na nyama iliyochemshwa laini bila chumvi, ataishi miezi, pengine mwaka. Omena, wale dagaa wa ziwani, asipewe. Munyu asionjeshwe kabisa. Munyu ni ile chumvi yetu tunayochuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na huku kwetu mboga bila munyu si mboga.

Mzee akaweka bakuli tatu: moja karibu na kitanda chake, moja barazani, moja mlangoni kwangu. Alizijaza mwenyewe asubuhi, mchana na jioni. Na macho yake yenyewe yalikuwa yanaingia giza! Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, anapapasa ukuta akitafuta bakuli.

Mume wangu akaandika kwamba hospitali ya Kitale imekubali kumtibu macho. Majuma matatu. Mzee akakataa. Alisema yeye haendi popote Karani akiwa hivyo, macho yatangoja. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilisimama uani nikapaza sauti:

"Karani, mwambie baba aende. Mimi nipo. Maji hutakosa."

Maneno yangu hayo, hakuna aliyenilazimisha. Mzee akasema, "Karani, mwambie mama mtoto nimekuacha mikononi mwake." Kesho yake akaondoka na lori.

Kwa kuwa siwezi kuingia nyumbani kwa mzee, ilinibidi nimhamishie Karani kwangu. Hapo ndipo shida ilipoanza. Ilikuwa kiangazi. Chemchemi yetu ilikuwa imepungua mpaka unakinga kwa kibuyu, na foleni ya wanawake ilikuwa ndefu. Ninapanda mlima na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, nafika, na yule paka anakunywa, kisha anakwenda kukojoa. Wapi? Juu ya sakafu niliyosiriba asubuhi! Juu ya nguo za mtoto! Siku ya nne alikojolea koti la mume wangu la Jumapili, na harufu yake hata sabuni ilishindwa.

Nilikasirika, na sifichi. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimechoka, na wenzangu chemchemini walinitania kwamba nimeolewa na paka. Chakula nacho alikataa. Nyama ile ya maji matupu aliinusa tu akageuza uso.

Jirani yangu Rasoa akaja kukopa moto, akaniona nasugua sakafu. Rasoa ni mtu wa ng'ombe tangu utoto wake, na hakuwa na nia mbaya. Akasema, ndama akiharisha si tunamzuia maziwa? Basi huyu amezidiwa na maji, mpunguzie. Na mnyama asiyekula, akasema, hukosa nini kama si munyu? Ng'ombe akikataa majani tunamlambisha, kesho yake anamaliza shamba.

Ikaniingia akilini. Wazee wetu walichunga kabla ya daktari yeyote kuja na sindano. Nikajiambia mzee amekaa na Wazungu mno, amesahau ya kwetu. Kumbe yeye alikuwa ameyajua yote mawili, na mimi sikujua hata moja!

Nikaondoa bakuli. Nikawa nampa maji kidogo asubuhi, kama ya kunawa kidole, basi. Nikapika omena kwa munyu, nikamwekea. Jamani, alikula! Alikula akalamba sahani. Sakafu nayo ikakauka. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia Rasoa kwamba mzee akirudi atamkuta Karani amenona, na atajua kwamba na sisi tunajua.

Siku ya tatu ya munyu akatapika. Nikampa munyu zaidi.

Siku ya nne alikuwa ameketi mahali bakuli lilipokuwa. Bakuli halipo, yeye ameketi tu anatazama sakafu. Nilipopita na mtungi alinifuata akiyumba, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka mikono kwenye mtungi. Nikamfukuza kwa ufagio. Mchana nikamkuta jikoni analamba mtungi kwa nje. Mnajua mtungi wa udongo hutoka jasho ukiwa na maji. Alikuwa analamba lile jasho, taratibu, anazunguka mtungi, anarudi alipoanzia. Nami nikamwita Rasoa aje aone, tukasimama mlangoni tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Mungu wangu, kicheko kile! Nimezaa, nimezika, nimeugua, nimesahau mengi, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Siku ya sita hakuinuka. Ndipo nikaogopa. Nikaleta bakuli, nikalijaza pomoni, nikamwekea mdomoni. Aliweka kidevu ndani ya maji asinywe. Nikachovya kitambaa nikamkamulia tone tone, yakamtoka pembeni. Nilitupa omena wote. Nilikimbilia chemchemini mara tatu kwa siku moja, nikijua kwamba kinachohitajika hakiko chemchemini tena. Rasoa alikuja akatazama, akaondoka.

Mzee alirudi kabla ya siku yake. Alikuwa amewasumbua kule hospitalini mpaka wakamwachia, jicho moja limefunguliwa, jingine bado lina bandeji. Mume wangu alimshika mkono mpaka barazani. Nilikuwa nimemlaza Karani pale kwenye gunia, na bakuli tatu zimejaa maji zikimzunguka. Ndiyo, nilizipanga zote tatu! Nilipanga uongo kabla hata sijaulizwa.

Mzee akapiga magoti. Akaivuta ile ngozi ya shingo, akaiachia. Haikurudi. Ilisimama vile vile alivyoiacha.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Karani, mwambie mama mtoto anijibu. Maji ulikuwa unapata?"

Nilikuwa na nafasi. Sitasema sikuwa nayo. Mzee alikuwa amenipa mgongo kama siku zote, hata uso wangu asingeuona. Nikajibu:

"Karani, mwambie baba maji yalijaa kila siku. Nadhani ulikuwa unamngoja yeye."

Karani akafa jioni ile, kabla ya ng'ombe kurudi. Mzee alimzika mwenyewe nyuma ya ghala, hakutaka kusaidiwa na mtu. Nilimsikia akisema peke yake kwamba amefuata macho yake akamwacha mwenzake. Hivyo ndivyo alivyoamini tangu siku ile, kwamba kosa ni lake. Lile jicho la pili halikutibiwa kamwe. Mume wangu alimsihi arudi Kitale akasema hapana, moja linamtosha kwa mambo yaliyobaki kuonwa.

Na mazungumzo yetu yakaisha. Baadaye binti yangu alijua kusema, akawa anapitisha haya ya lazima: chakula tayari, mvua inakuja. Lakini ya moyoni hayakupita tena. Mzee hakuniuliza kama naogopa, nami sikumwambia chochote. Mara nyingi nilitaka kukiri. Lakini ungamo kama hilo utalipitishia kinywani mwa mtoto wa miaka minne? Na kumwambia mzee uso kwa uso ni mwiko. Nilijificha nyuma ya heshima yetu, nikajiambia ni adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa woga.

Mnadhani yaliishia hapo? Ngojeni.

Baada ya mavuno mzee aliita watu wa kanisa na wazee wa ukoo waje kula. Walipomaliza akasimama, akanipa mgongo kama ilivyo desturi, akasema nao. Akawaomba waniambie kwamba alipokuwa hospitalini alimwacha mgonjwa wake mikononi mwangu, na mgonjwa hakukosa maji hata siku moja wakati wa kiangazi, na si mabinti wengi wangefanya hivyo kwa mnyama. Kwa hiyo ananipa mtamba mwekundu, awe wangu mwenyewe, si wa mume wangu. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Rasoa alikuwa amekaa mbele yangu, akainamisha kichwa akatazama sahani yake. Nami nikapiga magoti nikapokea kamba!

Miaka miwili iliyopita mzee aliugua akalala kitandani. Binti yake alikuja kutoka Bungoma kumuuguza, maana mimi siwezi kuingia. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuyaweka mlangoni. Siku moja wifi akatoka akaniambia mzee anasema, mwambieni mama mtoto maji yake hayajawahi kukosa. Kesho yake akafa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na yote ni uongo niliomfundisha mimi.

Yule mtamba amezaa mara tano. Watoto wangu wamekunywa maziwa yake, mimi hayapiti kooni. Kila asubuhi namnywesha maji, naye hunywa bila haraka, hajui alipatikanaje.

Wenzangu, ukiachiwa mgonjwa, mtu au mnyama, fuata ulivyoambiwa. Usijifanye mjuzi kwa sababu umechoka. Akiomba maji mpe, hata kama atakojoa juu ya kitanda chako, nguo hufuliwa. Na kama umekosa, kiri mwenye haki akiwa hai na mgongo wake uko pale mbele yako. Mimi nilingoja. Sasa nikiwa peke yangu huwa nakwenda nyuma ya ghala nasema, Karani, mwambie baba maji hayakuwepo. Nasimama pale kidogo, halafu narudi jikoni.