Mahindi Tuliyoyaona Mchana Tu

Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya kudai uhuru, serikali ya mkoloni ilituhamishia kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Gatuanyaga. Mume wangu alikuwa kizuizini. Nilibaki na mama yake, na mtoto mgongoni. Asubuhi yote tulifanya kazi ya lazima; lango la kwenda shambani lilifunguliwa saa sita, na saa kumi lazima uwe umerudi. Kwa hivyo shamba langu nililijua wakati wa jua kali tu.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mahindi yakiwa kiunoni. Kila tukifika tulikuta majani yamejisokota membamba kama tumbaku iliyosokotwa, rangi imekuwa ya majivu. Hedimani wa kijiji, msimamizi aliyewekwa na serikali, alipita, akatazama, akaamuru: "Haya yamekufa. Kateni yote, ng'ombe wapate chakula."

Ng'ombe walikuwa wake. Wengine walianza kukata siku hiyo hiyo.

Nilipotafuta panga, mama mkwe alinikaripia. "Panga la nini? Mahindi yakichomwa na jua hujikunja, yasimalize maji yaliyo ndani. Jua likitua yanapumua. Nenda ukayaone kukipambazuka."

"Mama, nani atanifungulia lango saa hiyo?"

"Una mdomo."

Kulipopambazuka nilisimama langoni mikono juu. Homgadi wa zamu, mlinzi wa upande wa serikali, alikuwa mkulima niliyemjua tangu kabla hajapewa bunduki.

"Rudi ndani, mama," alisema.

"Twende wote, na bunduki yako. Yakiwa yamekufa nitayakata mbele yako. Yakiwa hai, utasema ulichoona."

Alitazama huku na huku, akafungua.

Majani yalikuwa yamefunguka, mapana, ya kijani. Alilipitisha moja kati ya vidole, polepole, hadi nchani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Jana mke wangu alikata yetu yote."

Tuliporudi tulimkuta hedimani langoni, wanawake wamepanga mstari kungoja kazi. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kutoka.

"Nimejiruhusu," nikasema.

Homgadi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Yako hai, mzee. Nimeyashika kwa mkono wangu."

Hedimani alifoka, akatishia, lakini mchana ule hakuna mwanamke aliyekata hata bua moja. Mimi nilipewa wiki mbili za kubeba mawe ya barabara. Niliyabeba, na kila nilipotua jiwe nilihakikisha kishindo kinamfikia. Mama mkwe naye alifunika mashina kwa nyasi kavu, akakataza mtu yeyote kuingiza jembe, yasije yakakatwa mizizi wakati yanahangaika.

Hayakupona yote. Ya kwenye mwinuko, penye changarawe, yalikauka kweli. Mvua iliporudi ilikuwa haba, na mahindi mengi yalitoka na mapengo, mengine ukubwa wa kidole gumba. Lakini tulivuna, na tulivuna yetu.

Tuliwagawia waliokata yao, tukianza na nyumba ya yule homgadi. Kuna walioninunia kwa hilo, wakasema namlisha adui. Niliwajibu kwamba shamba ni langu, na jasho ni langu, na nitampa nimtakaye. Nikaenda zangu kuchoma mahindi, mtoto wangu alikuwa na njaa.