Feni Niliyoisifia Kompyuta

Nimechoka, na sioni haya kusema. Hakuna mtu Njoro wa kunifundisha kukausha mahindi. Niliacha shule darasa la sita, na ile mashine ya kukaushia niliijenga mwenyewe kwa mapipa na mabati ya zizi kuukuu la walowezi. Miaka ishirini nimechoma magunzi huku kiganja changu kikiwa kwenye bomba, na kiganja kilijua joto kuliko kipimo chochote. Lakini kiganja nacho huchoka. Ndiyo maana nilimkubalia daktari wa chuo, wa vitabu si wa sindano, alipokuja na kompyuta yake, mama mpole mwenye miwani.

Alinieleza nikashika mara moja. Kompyuta inaangalia nusu saa mbele, inapanga hatua sita za moto na upepo, inafuata ile ya kwanza tu, zingine inatupa. Baada ya dakika tano inapima joto na kupanga upya. Hesabu zake zimenyooka: ongeza moto hivi, joto linapanda hivi. Kazi yangu ilikuwa kuiambia mipaka. Mahindi ya mbegu yasipite nyuzi arobaini na mbili, kiini kitakufa. Halafu feni.

"Mzee, feni inafika mwisho bila shida?"

"Daktari, ikifika mwisho itakung'oa hicho kitambaa cha kichwa."

Akacheka, akaandika mia kwa mia.

Ukweli ni kwamba mota ilikuwa ya mtumba, na ikipita nusu mkanda unateleza. Lakini mama mmoja kutoka kule Bahati alikuwa ameketi juu ya magunia yake akisikiliza, na mimi nilishamwambia mota ni mpya. Mvua ilikuwa imempata kabla hajaanika, akaniletea mbegu yake yote, ile aliyopewa na mama mkwe wake na ambayo huichagua gunzi kwa gunzi kila mavuno.

Mawingu yakaziba upande wa Menengai, hewa ikawa nzito, mahindi yakawa hayakauki. Kompyuta ikasogeza moto karibu na mpaka, maana iliamini kwamba joto likizidi, feni itapuliza hewa baridi na kulishusha. Thelathini na tisa. Arobaini na moja. Ikaagiza feni mwisho. Mkanda ukalia kama nguruwe.

"Mbona haishuki?" daktari akauliza.

"Fundi, hiyo harufu ni ya mahindi yangu?"

"Ni raba tu, mama."

Nilisimama pale. Kompyuta ikapanga upya, ikapanga tena, kila mara ikitegemea upepo ambao haukuwepo. Kipimo kikasoma arobaini na sita, na mimi bado nimefunga mdomo.

Mwishowe nikasema, "Feni haifiki. Inaishia nusu." Nikachukua reki nikautoa moto wote nje.

Daktari alivua miwani. "Ungeniambia nusu, ingefanya kazi na nusu. Ingechoma polepole tangu asubuhi."

Mama wa Bahati alifunga konzi ya mahindi kwa kitambaa chenye maji, akaenda nayo aone kama yataota. Siku ya sita alirudi, akakifungua mezani pangu. Punje chache zilikuwa na mzizi. Zingine zilikuwa zimevimba tu, zinanuka.

"Hata mwaka wa njaa hii mbegu hatukuila," akasema. "Sasa wewe umenipikia."

Nilikuwa na kitu kimoja cha kumpa. Moto huingia chini ya mahindi yaliyotandazwa mashineni, kwa hiyo ya juu hayapati joto kali, na siku ile nilipoyatoa niliondoa hayo ya juu kwanza nikayaweka kando. Gunia moja. Nikalitoa stoo.

"Lina unyevu bado," nikamwambia. "Naweza kulimalizia, moto mdogo."

"Wacha. Nina turubai na jua liko."

Alilifunga nyuma ya bodaboda mwenyewe, kamba mara tatu. Baada ya wiki alinipigia simu. Mbegu zimeota karibu zote, akasema, na kabla sijamshukuru Mungu alikuwa ameshakata.