Vichwa Vyenye Uzi

Niliajiriwa kutunza stoo ya kituo cha utafiti wa samaki hapa Kigoma mwaka themanini na mbili, na tangu siku hiyo hadi nilipostaafu ufunguo haukuwahi kulala nje ya mfuko wangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani Gervasi ni mzembe. Nilichokifanya Novemba ya mwaka tisini na sita nilikifanya na akili zangu timamu, tena kwa roho nyeupe kabisa, na nusura kiyaharibu maisha ya Nasma binti Khalfani.

Nasma ni mtoto wa Ujiji, Kitongoni. Baba yake, mvuvi, alifariki yeye akiwa darasa la nne. Mama yake, Bi Hidaya, akabaki na kazi ya kukausha samaki kwa chumvi ufukweni. Wanawake walikuwa wakianika pamoja, kichanja kimoja watu watano au sita, na ili samaki wa huyu wasichanganyike na wa yule, kila mmoja alipitisha uzi wa rangi yake mdomoni mwa samaki. Uzi wa Bi Hidaya ulikuwa mwekundu. Ukimkuta samaki ana uzi, ujue ana mwenyewe, wala huna haja ya kuuliza zaidi.

Kazi ya Nasma akitoka shule ilikuwa kupaa magamba. Siku moja akakutana na samaki mdogo ambaye mdomo wake umepinda upande wa kushoto. Akatafuta mwingine wa aina ileile kwenye beseni, akamkuta wake umepinda kulia. Akawapasua tumbo wote wawili, na ndani mlikuwa na magamba matupu, magamba ya samaki wengine. Akamwuliza mama yake ni kwa nini.

"Ndivyo walivyoumbwa," Bi Hidaya akamjibu. "Paa samaki, jua linatuacha."

Alipaa, lakini swali halikumtoka. Aliniambia kisa hicho mara nyingi mno, na kila mara alipokuwa akisimulia alipinda mdomo wake mwenyewe kunionyesha. Samaki yule huwanyemelea wenzake kwa nyuma na kuwanyofoa magamba, na kila mmoja, kulingana na mdomo wake, ana ubavu anaoupendelea. Mtu mzima mwenye heshima zake anapinda mdomo mbele ya wageni! Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake.

Alisoma chuo cha uvuvi, akapata cheti, akaletwa kituoni kwetu kuwa msaidizi. Alilipwa mshahara kwa kupima dagaa na migebuka. Muda wake wa ziada wote aliwapa samaki wadogo wa kwenye mawe, wale ambao mvuvi akiwanasa anawarudisha majini kwa kukereka. Samaki hao, alinieleza, wana taya mara mbili. Taya moja iko mdomoni, na nyingine iko ndani kooni, mfupa mdogo wenye meno yake. Ukiusoma mfupa huo wa kooni utajua samaki anakula nini, na nani ni ndugu wa nani, na ukoo wao uligawanyika wapi.

"Hata taya yako wewe, Gervasi, ukifuatilia nyuma sana ilitokana na mifupa ya mashavu ya samaki. Viumbe wote wenye uti wa mgongo ni ukoo mmoja."

"Bi Nasma, mimi nimebatizwa pale Kabanga. Babu yangu si samaki."

"Sijasema babu. Nimesema ukoo."

Swali lake kubwa lilikuwa hili. Mto Malagarasi unaingia ziwani karibu na Ilagala na kumwaga tope pana, na samaki wa mawe hawawezi kuishi kwenye tope. Je, walio kaskazini ya tope lile, upande wetu wa Kigoma, na walio kusini yake bado ni ukoo mmoja, au wamekwisha kuachana? Aliomba nafasi ya kusoma zaidi chuo kikuu, Dar es Salaam. Wakamkatalia. Akaomba tena, wakamkatalia tena. Mara ya tatu, naye ana miaka thelathini na sita, barua ikaja: atapokelewa endapo ataleta mkusanyiko wake wa samaki wa pande zote mbili, pamoja na maelezo, kabla ya mwisho wa Desemba. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Dawa ya kuhifadhia samaki kwenye chupa ilikuwa ikituishia kila mara, na hakuna aliyejua shehena nyingine itafika lini. Kwa hiyo tangu miaka minne nyuma Nasma alikuwa akifanya kama mama yake, kwao Ujiji. Aliwakausha kwa chumvi, akawatia uzi mwekundu mdomoni, na kwenye kila uzi akafunga kikaratasi kigumu chenye namba kwa penseli. Namba hiyo ndiyo iliyoeleza daftarini samaki katoka jiwe gani na siku gani.

Siku alipowahamishia stoo kwa ufunguo wa akiba wa mkuu wa kituo, mimi nilikuwa likizo Kasulu, nauguza mama yangu. Niliporudi nikakuta stoo yangu inanuka soko la Mwanga na matenga manne ya samaki yamepangwa ukutani.

"Bi Nasma, hii ni stoo ya serikali, si kichanja cha Ujiji."

Akacheka. "Wana kazi yao hao, Gervasi. Usiwaguse."

Ndio ukomo wa maelezo niliyopewa. Kwangu mimi samaki wa utafiti alikaa kwenye chupa, na samaki wa chumvi alikaa sahanini. Uzi mwekundu nikautambua ni wa Bi Hidaya, kwa sababu mke wangu alikuwa mteja wake. Vikaratasi nikadhani ni vya wateja. Nikasema moyoni, kumbe Nasma anamsaidia mama yake biashara, na anaona haya kusema. Sikumlaumu. Nani kituoni hakuwa na kashughuli kake pembeni? Mimi nilikuwa nafuga bata nyuma ya jengo.

Kisha vita vikavuka ziwa. Boti zilifika kutoka Uvira na Fizi zimejaa watu hadi ukingoni, kutwa nzima, siku baada ya siku. Wilaya ikaomba kila mwenye paa awapokee watu kwa muda, hadi malori yatakapowapeleka kambini Lugufu. Banda letu la nyavu likapewa watu sitini. Mkuu wa kituo alikuwa safarini, na Nasma alikuwa Ilagala anatafuta samaki wake ishirini wa mwisho. Mwenye kauli kituoni nikabaki mimi.

Siku ya kwanza kililetwa chakula. Siku ya pili hakikuletwa. Nikaenda bandani kuwaambia wavumilie, na pale mlangoni nikamwona mtoto wa miaka mitatu hivi ametulia anatafuna kamba ya wavu. Mama yake, aliyeitwa Leonia, mtu wa Ubwari kule ng'ambo, alimwondolea ile kamba mdomoni bila kunitazama. Hakuniomba chochote. Laiti angeniomba, pengine ningepata maneno ya kumjibu.

Nikarudi, nikafungua stoo, nikayatoa matenga yote manne. Nilijiambia, nitamalizana na Bi Hidaya mwenyewe. Unga nikatoa nyumbani kwangu. Watu walikula siku ile wakashiba, na mimi nikatembea pale uani kifua mbele. Sijifichi, nilijiona mtu wa maana sana.

Nasma akafika kesho yake asubuhi na boti ya Ilagala, miguu ina matope, tenga lake dogo kichwani, furaha tele. Akaingia stoo. Akatoka.

"Gervasi, samaki wangu wako wapi?"

Nikamweleza. Nilianza kwa majivuno, na kabla sijamaliza nilishaona uso wake. Akaniambia kwa sauti ndogo wale samaki walikuwa ni nini. Mia tatu tisini na wawili. Miaka minne ya kupiga mbizi. Kulikuwa kumebaki majuma matano tu kufika mwisho wa Desemba.

"Walikuwa watu wangapi?" akauliza.

"Sitini."

"Walishiba?"

"Walishiba, Bi Nasma."

"Basi," akasema. Akakaa chini kwenye kizingiti cha stoo, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Angenitukana ningepumua. Nilisimama pale na ufunguo wangu mkononi nikatamani ardhi inimeze.

Tulikuwa bado hapo Leonia alipokuja. Alikuwa amebeba kitenge kilichofungwa fundo. Akapiga magoti kidogo, kama wanavyosalimia kwao, akaliweka fundo lile mbele ya Nasma.

"Mama, walisema weye ndiye mwenye uzi," akasema. "Siye tulikula nyama. Vichwa tulichunga."

Akafungua. Vichwa vya samaki, vimechemshwa vikawa vyeupe, kila kimoja na uzi wake mwekundu, na kila uzi na kikaratasi chake. Penseli haikufutika kwenye maji ya moto.

"Kwa baba yangu, Ubwari, na siye tunafungaka uzi," Leonia akaendelea. "Mutu akikula samaki ya mwenzake juu ya njaa, anarudisha kichwa na uzi wake, mwenyewe ajue iliingia mu tumbo, haikuibiwa. Niliwaambia bote: kula, lakini kichwa hapana. Batoto ndio walinisumbua."

Nasma akachukua kichwa kimoja, akakigeuza, akaingiza ncha ya kisu taratibu. Kikachomoka kile kifupa cha kooni, kisafi, meno yote mahali pake. Ile kazi ya kutenganisha mfupa na nyama, ambayo kwa mkono wake ingemchukua miezi, sufuria zilikuwa zimeimaliza kwa jioni moja. Akanitazama. Akamtazama Leonia. Kisha akamkumbatia yule mama kwa nguvu hadi mtandio ukaanguka, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta kitu stoo, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa yangu.

Vichwa vilivyorudi vilikuwa mia tatu sabini na kimoja. Vingine vilipotea, na paka wa kituo hatukumhoji.

Malori yalikuwa yaje baada ya siku mbili, na siku hizo mbili Leonia alikaa mezani na Nasma wakipanga mifupa. Hakuwa amesoma, ila aliwajua samaki kwa jicho la mtu aliyewapika tangu utoto. Walipofika kwenye mafungu ya kusini ya Malagarasi akasimama.

"Hii iko kwetu," akasema, akigusa mfupa. "Ubwari, kwenye mawe. Jino lake ni hivi hivi. Hii ingine ya hapa Kigoma, kwetu haiko."

Nasma akaweka kalamu chini. Miaka yote alikuwa akitafuta ukoo wa samaki wake kwa kufuata ufukwe wetu, kaskazini na kusini, wala hakuwahi kufikiria ndugu zao wako ng'ambo. Alinieleza baadaye kwamba zamani za kale maji ya ziwa yalipungua sana, na huenda pande zilizo mbali leo zilikuwa jirani. Samaki wa mawe walisogea wakakutana, kisha maji yakapanda tena yakawatenganisha. Hilo ndilo aliloliandika kwenye maelezo yake, kama jambo la kuchunguzwa, na jina la Leonia akaliweka ukurasa wa kwanza. Nilimsindikiza stesheni na masanduku mawili ya mifupa iliyofungwa pamba. Treni ilichelewa siku nzima kama kawaida yake, lakini tarehe ishirini na tatu Desemba alikuwa Dar. Wakampokea.

Kila likizo alirudi, na kila aliporudi alikwenda Lugufu na daftari. Alichora samaki, Leonia akawataja majina ya kwao na mawe wanakokaa. Palepale chini ya turubai akamfundisha Leonia kuandika, kwanza namba, kisha herufi. Mwaka elfu mbili na tatu Nasma akawa daktari. Si wa sindano, ilibidi niwaeleze majirani, ni wa samaki na koo zao. Angeweza kubaki Dar. Alirudi kwetu, kwenye meza ileile yenye mguu mmoja mfupi. Wakati wote huo ufunguo ulibaki mfukoni mwangu. Wakuu wawili wa kituo walitaka kuninyang'anya waliposikia kile kisa, na mara zote mbili Nasma ndiye aliyekataa.

Leonia alirejea Ubwari mwaka elfu mbili na saba, vita vilipokuwa vimetulia kidogo. Mwaka mzima ukapita bila habari. Kila boti ya ng'ambo ilipotia nanga Nasma alitafuta sababu ya kwenda bandarini.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, mchukuzi akaleta tenga limeshonwa kwa gunia. Tulilifungua pamoja. Samaki wa mawe, wamekaushwa kwa chumvi, kila mmoja na uzi mwekundu mdomoni na kikaratasi kigumu. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyejifunza ukubwani. Namba ya mwisho ya Nasma, miaka ile, ilikuwa mia nne kumi na mbili. Kikaratasi cha kwanza kiliandikwa 413. Cha mwisho kiliandikwa 433: samaki ishirini na mmoja, idadi ya vichwa ambavyo havikurudi.

Nasma alikaa kwenye kizingiti kilekile na safari hii alilia akicheka. Mimi nikaendelea kutoa, kwa sababu chini kabisa, amefungwa peke yake kwenye majani makavu ya mgomba, kulikuwa na kuhe mkubwa, samaki wa kitoweo, mnono, hana uzi wala kikaratasi. Kulikuwa na barua fupi ya mistari miwili. Nasma akaisoma kwa sauti: "Hii haina uzi, haina mwenyewe mwingine. Ni ya Gervasi, akule ashibe."

Nikampeleka nyumbani, mke wangu akampika kwa mawese, tukala wote na sikuacha mnofu hata mmoja. Kichwa nikakichemsha, nikakisafisha kwa mikono yangu, na asubuhi nikaomba uzi mwekundu kwa Nasma. Kiko kabatini hadi leo, namba 434, kwa mwandiko wangu.