Ngozi ya Meza ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi Igoma, kwenye nyumba aliyotulelea baba, na kabla hata sijaweka mkoba chini nikaiona meza yake ya kazi imebandikwa stika. Ndiyo, stika! Ile nyeupe ya plastiki yenye michirizi ya marumaru, ambayo watu hubandika ukutani jikoni. Nikamuuliza mdogo wangu wa kiume, ambaye siku hizi anatengenezea simu hapo, ngozi iko wapi.

"Ile? Ilikuwa inanuka, dada. Nimeitupa," akasema, macho yakiwa kwenye simu ya mteja.

Hebu fikiria. Ameitupa! Ngoja nikueleze ni ngozi gani, uone kama nilikosea kukasirika.

Baba alikuwa fundi redio, na kazi yake aliifanyia barazani. Tulizoea harufu ya waya uliochomwa kama majirani walivyozoea harufu ya dagaa. Shida ilikuwa sehemu ya juu ya meza. Mbao tupu ziliungua kila siku. Mama akatandika kitambaa cha plastiki chenye maua. Chuma cha kuchomelea kikaanguka, maua yakayeyuka siku hiyo hiyo. Baba akapigilia bati. Skrubu zikawa zinaruka hadi uvunguni, na mimi natambaa kuzitafuta huku michembe yangu ya viazi vitamu inapoa.

Kisha akaja bibi, mama yake mama, kutoka kijijini, na gunia lililolowa linalofuatwa na inzi. Ndani mlikuwa na ngozi mbichi, nyekundu yenye baka jeupe. Ilikuwa ya ng'ombe mmoja wa mahari ya mama. Amezeeka, amevunjika mguu, wakamchinja. "Nyama tumekula," bibi akamwambia mama. "Ngozi nimeona imrudie aliyemtoa."

Ngozi ya namna ile huvutwa ikiwa bado na maji, manyoya yakiwa chini, na ikikauka hujikaza yenyewe. Moto hauitishi, na skrubu ikidondoka inatulia. Lakini kuivuta kunataka watu wawili wenye nguvu, mmoja kila upande, na mama alikuwa na mimba kubwa. Tumboni alikuwa nani? Huyu huyu mtupaji!

Alibaki bibi. Sasa wewe unajua, au kama hujui nakwambia: kwetu, wakati ule, mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni, sembuse kushika kitu kimoja. Baba akimwona bibi anakuja njiani alikuwa anageukia kichakani. Mama akawaza, akafunga kitenge chake kutoka nguzo hadi nguzo, kikaning'inia katikati ya meza. Bibi akasimama upande wa dirisha, baba upande wa ua. Mimi nikawekwa kwenye kona kupeleka maneno.

"Mwambie baba yako avute, asibembeleze," bibi akasema.

"Baba, bibi anasema uvute."

"Mwambie mama nimevuta."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, hatua mbili tu! Lakini kila neno lilipitia kwangu kwa heshima zote, mpaka msumari wa mwisho ukaingia. Bibi alipokuwa anaondoka, baba alisimama nyuma ya mlango akasema, "Mwambie mama ahsante." Miaka yote baada ya hapo, akimaliza redio aliipitisha mikono juu ya ngozi ile mara moja, ndipo akaenda kunawa.

Hiyo ndiyo iliyotupwa kwa sababu inanuka. Na stika yenyewe ilikuwa tayari imetoboka kwa moto sehemu tatu! Nilimgombeza hadi mteja akaaga. Nikaenda jalalani nyuma ya nyumba, nikachokonoa kwa fimbo. Hamna, mvua na mbwa wameshamaliza. Niliporudi ndani nikamkuta na mama mkwe wake, wamekaa kochi moja wakicheka video; mama huyo aliponiona akaizima.

Kesho yake mdogo wangu akanipeleka dukani, kwenye barabara ya Mirongo, nichague mimi cha kutandika mezani. Muuzaji akatandaza plastiki, mbao laini, mikeka ya mpira ya kila rangi, akisifia kila kimoja kwamba hakiungui. Nikachagua mpira mzito wa kahawia, kwa sababu ya rangi tu.

Tulipobandua stika, matundu ya misumari yalikuwa pale pale: upande wa ua yamenyooka, upande wa dirisha yamekwenda mshazari. Nikasimama upande wa dirisha, yeye upande wa ua. Hapakuwa na kitenge katikati yetu, tulitazamana waziwazi.

"Vuta, dada," akasema.

Nikavuta. Lakini sijamsamehe.