Biskuti za Light na Buti za Wivine

Dada yangu Wivine anaendesha benne, yale malori ya mgodini ambayo gurudumu lake moja ni refu kuliko mlango wa nyumba yetu. Anapanda ngazi mpaka kwenye kiti chake, na akishafunga mkanda, hakuna mwanaume katika mji wetu mzima wa Kolwezi anayethubutu kumpigia honi. Alipoanza, miaka tisa iliyopita, wenzake wa zamu waliwekeana dau kwamba hatamaliza wiki. Wawili kati yao wameshafukuzwa kazi kwa ulevi. Yeye bado yupo, na mimi nalisema hilo kwa furaha bila aibu yoyote.

Wivine ni mnene, na kwetu hilo si tusi. Mama yetu alikuwa mnene, shangazi zetu wote wanene, na mwanamke akianza kukonda majirani huulizana kwa sauti ya chini ameugua nini. Ndiyo maana hakuna aliyejiandaa kwa yale yaliyotokea mwezi wa tatu, kampuni ilipowapima wafanyakazi wake kama inavyofanya kila mwaka.

Dokta alikuwa mpya, anaitwa Kazadi, mtu mpole mwenye miwani. Alimsimamisha Wivine kwenye mizani akiwa ametoka zamu, na nguo zake za kazi na buti zake, akaandika kilo mia moja ishirini na moja. Kisha akamwonyesha karatasi ya watengenezaji wa benne: kiti na mkanda vimetengenezwa kwa mtu asiyezidi kilo mia moja na kumi na tano. Akampa miezi mitatu. Kwa miezi hiyo atakaa chini, kwenye vumbi, akipeperusha bendera nyekundu kuwaelekeza madereva wengine. Akishindwa, atapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, afue ovaroli za walewale waliomwekea dau.

Alifika nyumbani akaitupa kofia yake ngumu kwenye kochi.

"Mwadi, banasema niko muzito kupita kiti. Kiti! Sasa kiti njo inanichagulia kazi?"

"Yaya, kilo sita haiko mingi," nikamwambia, maana yaya kwetu ni dada mkubwa. "Tupunguze bukari."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana marehemu mama. Bukari ni ugali wetu wa mahindi, na Wivine hula bonge ambalo mimi ningekula siku mbili. Alisema mtu anayeamka saa tisa na nusu kwenda mgodini hawezi kula bukari ya kudonoa kama kuku. Nikaenda kuosha sahani. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, najua wakati ambao mtoto hasikii.

Kesho yake akaenda dukani kwa Tatiana, tunayeimba naye kwaya. Tatiana ana rafu moja ambayo huifuta vumbi kila asubuhi: biskuti bila sukari, mayonezi light, yogati zéro, soda zéro, na karibu kila paketi ina picha ya msichana mwembamba anacheka peke yake. Wivine alirudi na mifuko miwili iliyojaa.

"Tatiana anasema nitakula bitu byote, na nitapunguka," akatangaza. "Hii yote iko light."

Basi ikaanza sikukuu. Zamani Wivine alikula biskuti nne na chai yake. Sasa alikula paketi nzima, kwa sababu iko light. Zamani alipaka mayonezi kijiko kimoja kwenye viazi, sasa alizamisha viazi, kwa sababu iko light. Bukari ikabaki palepale, na juu yake yogati. Niseme haki: ile soda zéro ilikuwa na maana, kwa maana alikuwa na tabia ya kunywa chupa tatu za soda tamu kwa siku, na sukari hiyo kweli iliondoka. Lakini akishainywa alijiona ameweka akiba mbinguni, akaagiza mikate ya mafuta kwa jirani.

Jioni moja nikavaa miwani, nikaziweka mezani paketi mbili, ya biskuti za kawaida na ya biskuti za light, kama ninavyowaweka mbele yangu wanafunzi wawili walioigiliziana. Nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Gramu mia za biskuti za kawaida: kalori mia nne sabini. Za light: mia nne arobaini. Sukari ilitolewa mlangoni, mafuta yakaingizwa dirishani. Nikamwita dada yangu, nikamwonyesha kwa kidole.

"Wewe na masomo yako," alisema. "Mi nitapima. Muzani haisomake kitabu."

Mizani nyumbani hatuna. Lakini kaka yetu Papy ni mchimbaji, anachimba kobalti na wenzake na kuuza magunia yao kwenye depo moja nje ya mji, na depo ina mizani kubwa ya chuma. Jumamosi moja Wivine akaenda naye. Magunia yalipokwisha kupimwa, akavua kofia, akapanda.

Kilo mia moja na kumi na mbili!

Alirudi akiimba tangu barabarani. Mwezi mmoja tu, kilo tisa, na kiti cha benne kilikuwa kinamngoja na nafasi ya kujigeuza. Alinishika mashavu mbele ya majirani akaniuliza zile kalori zangu ziko wapi. Wiki moja baadaye akapima tena: mia moja na kumi na mbili. Akasema mwili umetulia, akaongeza mayonezi. Nilitaka sana kufurahi naye na sikuweza, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka suruali yake ya kazi kwa fundi, na fundi alikuwa ameipanua kiuno kwa mara ya pili.

Mizani inashuka na suruali inabana. Hesabu hiyo hata watoto wangu wa darasa la sita wangeikataa.

Jumamosi iliyofuata sikumwomba mtu ruhusa. Nilichukua mfuko wa unga wa Zambia, kilo ishirini na tano, uzi wake haujakatwa, nikaupandisha kwenye pikipiki nikawafuata depo. Wivine alikuwa tayari anavua kofia. Nikamsogeza kwa bega, nikautupa mfuko juu ya mizani.

Ishirini na tatu.

Wachimbaji waliokuwa kwenye mstari wakacheka, kile kicheko cha watu wasiochekeshwa na kitu. Mwenye depo akawa anaangalia bati za paa. Papy akaangalia ndala zake.

"Papy," Wivine akasema, "ulijua?"

"Yaya, kila mutu anajua. Muzani ya hapa inakulaka kilo. Kwa gunia zetu inakula, kwa Yaya vilevile inakula. Mi nilizania unajua, unajifurahisha tu."

Na hapo ndipo nilipokasirika na dada yangu kuliko siku zote, maana alijua. Ni nani Kolwezi asiyejua? Ni yeye aliyekuwa akiilaani mizani hiyohiyo kila Papy aliporudi nyumbani na uso umekunjamana. Mizani ikipunguza gunia la kaka yako, unaiita mwizi. Ikipunguza mwili wako, unaimba mpaka nyumbani. Na ni vilevile kwa biskuti: mtu mzima anayejua bei ya mafuta anaambiwa kula ushibe na utapungua, anaamini, kwa sababu amependa kuamini. Nilimwambia yote hayo palepale, mbele ya wachimbaji, na sijutii neno. Kisha nikamfanyia hesabu: mfuko wa ishirini na tano unasomeka ishirini na tatu, basi wewe wa mia moja na kumi na mbili uko karibu mia moja ishirini na mbili.

"Umepanda kilo moja, Yaya."

Akamgeukia mwenye depo.

"Na we, siku moja utapimwa ku muzani yako mwenyewe."

Halafu akatoka. Nyumbani alikaa kwenye ngazi ya jikoni na bendera yake nyekundu mapajani, akalia kidogo, akajifuta uso kwa bendera hiyohiyo, akasimama. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Kwanza alirudisha paketi ambazo hazijafunguliwa kwa Tatiana. Mimi nilitegemea ugomvi, nilikuwa nimeshakunja mikono.

"Wivine, mi siuzake uongo," Tatiana akajitetea. "Banaandika bila sukari, na sukari hamuna."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulituudhi kuliko uongo. Wivine aliziacha juu ya meza ya duka, akatoka na chupa moja ya soda zéro, ya mwisho. Baada ya hapo alikunywa maji.

Yaliyofuata hayana picha ya msichana anayecheka. Bukari ilirudi mezani kwa heshima zake zote, ila bonge la ngumi moja, na ngumi ni ya Wivine, si ya mtu mwingine, alipigania hilo. Sehemu iliyobaki ya sahani ilijaa mboga, lengalenga na sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese yakipimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka chupani kwa macho yaliyofumbwa. Maharage. Samaki wadogo wa ziwa Nzilo, wa kuchemsha na nyanya. Jioni alishuka kwenye basi la kampuni kabla ya kituo chetu, akatembea nusu saa, na buti zake, katika vumbi. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama pilipili, alinifokea hata kwa jinsi ninavyotafuna. Nilimfokea pia. Kufikia wiki ya tatu fundi aliipunguza suruali.

Hapo majirani wakaanza. Mama mmoja alimwita juu ya ukuta, akamuuliza kwa huruma nyingi kama ameshamwona munganga, kwa sababu watu wanaona anakauka.

"Ndiyo, niko na bugonjwa," Wivine akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Bugonjwa yangu inaitwa benne!"

Kwenye mizani yoyote hakupanda tena. Alisema atapanda siku moja tu, na kwanza mfuko wa unga utapanda. Nilidhani anatania. Siku ilipofika aliniamsha, akaniwekea begani mfuko mpya, kilo ishirini na tano, uzi haujakatwa, na mimi mwalimu mzima nikapita nao getini mbele ya walinzi.

Dokta Kazadi aliuangalia mfuko, akatuangalia sisi.

"Hii ni ya nini, maman?"

"Ya kupima muzani yako, docteur," Wivine akasema. "Sitaki kukosea heshima. Lakini sisi tuko batu ya Kolwezi."

Kwa kweli dokta alicheka, akausaidia mfuko kupanda. Ishirini na tano kamili. Wivine akatikisa kichwa kuikubali mizani, akapanda yeye, na buti zake.

Mia moja na kumi na tano, na gramu mia nne.

Wiki saba za ngumi moja ya bukari, halafu gramu mia nne! Dokta alivua miwani, akasema kwa upole:

"Maman, toa tu bottes. Bottes iko na kilo moja na nusu. Batu yote banatoaka."

"Siku ya kwanza ulinipima na bottes?"

"Ndiyo."

"Na mu benne napandaka miguu mutupu?"

Dokta akarudisha miwani yake usoni.

"Yaya, toa bottes!" nikapiga kelele. Ningekuwa na nguvu ningempiga na ule mfuko.

"Andika, docteur. Cent quinze na quatre cents grammes. Unipatie wiki moja."

Dokta akaandika, akampa wiki. Wivine akarudi kwenye vumbi na bendera yake, na wale wa dau wakapita wakimpungia mkono kutoka juu. Siku mbili nilikula peke yangu. Siku ya tatu, alipokuwa anakunja bonge lake dogo la bukari, nikamsogezea sahani ya lengalenga, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imekwisha na nilikuwa namwogopea.

Wiki ilipotimia tukarudi, yeye, mimi na unga. Mfuko ukapanda: ishirini na tano. Wivine akapanda, kamba za buti zimefungwa mpaka juu.

Mia moja na kumi na nne, na gramu mia nane.

Dokta akaipigia muhuri karatasi: anafaa kuendesha. Alipokuwa anamkabidhi, akashindwa kujizuia.

"Maman, sema kweli. Wiki nzima ku vumbi, juu ya bottes tu. Juu ya nini ulikatala?"

Wivine aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa kifua.

"Docteur, mi nilikula uongo ya muzani wiki mbili. Ilikuwa butamu kupita biskuti. Haikunipunguza hata gramme moja."

Akavaa kofia yake ngumu, akaniachia mfuko wa unga niurudishe nyumbani peke yangu, akaenda kupanda benne.