Ukuta wa Balkoni ya Mama Kui

Mimi Phelista siwezi kulala na swali. Kwa hivyo Mama Kui alipoomba ruhusa ya kubomoa ukuta wa balkoni yake aweke grili, ilibidi nijue ni kwa nini.

Fleti zetu hapa Kitale, kila mtu amenunua yake, lakini nje ni mali ya wote. Hupaki rangi, hugusi ukuta, mpaka kamati ikubali. Mwenyekiti wetu, Nderitu, alikuwa ameanza kukataa. "Balkoni zote zifanane. Leo huyu grili, kesho mwingine ataweka nini?"

Nami pale uani, chini ya balkoni yenyewe, nikasema kwa sauti yangu hii, "Hiyo grili ni ya kufugia kuku! Si mimi natoka Chwele? Kuku nawajua bana!" Watu wakacheka. Tukamaliza kwa kumsengenya bwanake, Zachary, ati anaringa, tangu wahamie hajatusalimia.

Lakini swali halikuniachilia. Kabla ya mkutano nikapanda kwao. Mama Kui akanipeleka balkoni, na huko nikamkuta Zachary kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Kiharusi kilimpata shambani, kabla wahamie hapa.

"Kaa hapo kando yake," Mama Kui akaniambia, akanivutia stuli fupi.

Nikakaa. Mbele yangu saruji tupu. Juu, kipande cha mawingu. Wah! Mlima Elgon wote ule, barabara, na sisi wenyewe, hakuna alichokuwa anaona. Nilisikia uchungu, na aibu pia.

Kwa mkutano Nderitu akarudia maneno yake ya kufanana. Nikawaka. "Sawa, zifanane! Tubomoe zote, tuanze na ya Mama Kui. Lakini wewe kwanza panda ukae kwa ile stuli."

Akapanda akinung'unika. Aliporudi, alituambia tu tuinue mikono tupitishe.

Siku fundi alipomaliza kufunga grili, nilikuwa uani naanika maharagwe. Nikasikia sauti nzito, ya polepole, kutoka juu.

"Wewe ndiye Phelista?"

Nikainua macho. Zachary alikuwa ameshika grili kwa ule mkono mzima, ananichungulia.

"Ndiyo, mzee. Habari ya leo?"

"Nilidhani wewe ni mnene. Hiyo sauti yako huwa inafika huku yote." Akatabasamu upande mmoja. "Sasa, wale kuku unaniletea lini?"

Nikatafuta pa kuficha uso, nikakosa.