Mama wa Kwenye Simu

Sabaha anauza magauni ya mitumba pale soko la Mchikichini, Dar es Salaam, na kwa kusifia nguo hana mpinzani. Gauni lililochakaa makwapani atalisifia mpaka mteja aondoke nalo akichekelea. Ulimi huohuo ndio alioutumia kwa Siti, mtoto wa dada yake, na hapo ndipo alipoharibu.

Siti ana miaka tisa. Vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vilimtoa kwao Palma, watu wakamvusha mto Ruvuma, wakamfikisha Mtwara, kisha akapandishwa basi mpaka Buguruni, kwenye chumba cha mama yake mdogo. Siku mbili kabla hajafika, Sabaha alipigiwa simu: dada yake Shamsa ameuawa. Akajifungia msalani akalia, akanawa uso, akatoka. Kwao habari ya msiba mtoto hapewi, na majirani nao walimsisitizia hivyohivyo. Matanga hayakuwekwa.

"Mama yuko njiani," akamwambia Siti. "Mambo yakitulia atakuja."

Siti akaitikia kwa kichwa. Ikapita miezi minne, na maneno yake yakawa salamu na "ndiyo" basi. Lori likibwaga mabelo ya mitumba sokoni anaingia chini ya meza, na kumtoa ni kazi. Chakula anadonoa, anakisogeza pembeni. Zahanati walimpima wakakuta kilo zinapungua. Muuguzi akamwambia Sabaha, "Kaa naye, msikilize. Usimfiche mambo." Sabaha akaona muuguzi yule hana akili. Mtoto hali kwa kumngoja mama, halafu umwambie mama hayupo? Si ndiyo unamzika kabisa!

Basi akazidisha. Kila akifungua belo alitenga gauni zuri. "Hili la mama yako akija." Magauni yakafika sita ukutani, na Siti hakuyatazama hata moja. Ilipofika wiki ambayo mtoto anashinda na vijiko viwili vya uji, Sabaha alichanganyikiwa. Akamfuata Ritha, mwenye meza ya jirani, mzaliwa wa Mtwara, mwenye lafudhi ya kusini kama ya Shamsa.

"Shoga, wewe piga tu ujifanye dada. Sema mtandao mbaya."

"Sabaha, hiyo dhambi."

"Na nikimzika huyu mtoto ndiyo thawabu?"

Saa kumi jioni simu ikalia chumbani. Sabaha akaruka kwa furaha ya kujitia. "Siti! Mama yako huyu!"

Mtoto akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama." Akasikiliza. "Ndiyo, ninakula. Mama mdogo ananitunza vizuri." Akasikiliza tena. "Haya. Na wewe ujitunze."

Akarudisha simu huku akitabasamu, mara ya kwanza tangu aje. Akavuta sahani ya wali, akala tonge moja, la pili, la tatu, akimeza kwa shida, macho yake kwa Sabaha.

Sabaha alipaswa kushangilia. Badala yake Shamsa alimjia mzimamzima. Akapenya nyuma ya pazia, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia. Pazia likasogezwa.

"Mama mdogo," Siti akasema, "kumbe unajua?"

"Najua nini, mwanangu?"

"Kwamba mama amekufa."

Sabaha akakaa chini sakafuni.

"Mimi nilikuwepo," Siti akaendelea, taratibu. "Nilimfunika kanga, haikufika miguuni. Nilipokuja ukasema anakuja, nikajua hawajakwambia. Nikaogopa kukwambia."

"Na ile simu?"

"Si mama Ritha wa sokoni yule? Nilidhani anakudanganya wewe. Na ulikuwa umefurahi."

Miezi minne! Mtoto wa miaka tisa alibeba msiba peke yake ili mtu mzima asiumie, na mtu mzima mwenyewe kazi yake kumtundikia magauni. Sabaha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimvuta, akamkumbatia, akahisi mbavu zake moja moja, na kile kilio alichokimeza msalani kikamtoka chote, kikasikika nyumba nzima. Wapangaji wakajaa mlangoni kuuliza kuna nini.

Siti ndiye aliyewajibu.

"Tumefiwa na mama," akasema. "Mimi bado sijalia."